Waridi langu la tatu limekufa. Tupande nini huku kando ya ziwa?

BintiKambi, Entebbe
9 Mei

Habari za mchana jamani. Huwa nasoma tu humu na kupita, lakini leo nimeona niombe msaada kabla sijamwaga saruji uwanja mzima.

Nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa askari. Mama alikuwa na maua kwenye makopo matupu ya mafuta ya kupikia, ameyapanga barazani, na sikumbuki hata moja likifa. Hakuwa na mbolea wala dawa. Aliyapa maji aliyooshea mchele, basi. Mimi sasa nina kiwanja changu, nyumba iliisha mwaka juzi, nimenunua udongo mweusi lori zima, mbolea ya dukani, mkasi, bomba la kupulizia, na kila ninachokigusa kinakufa.

Marehemu ni hawa: mawaridi matatu (majani yalitoka madoa meusi, yakawa manjano, yakapukutika mpaka zikabaki fimbo zenye miiba), lavenda nne zilizooza pale shina linapoingia ardhini, na rozimari moja iliyonyauka huku udongo wake umelowa chepechepe. Krotoni mbili ziko hai ila zimepauka, zimekuwa kijani kitupu. Bogenvilia iko hai, tena imepanda mpaka juu ya geti, lakini mwaka mmoja na nusu sasa haijatoa ua hata moja. Majani na miiba tu.

Jua lipo. Mvua ndiyo hii mnayoiona. Na bado kila jioni nikitoka kazini nafungua mpira nawamwagilia wote, kuanzia majani mpaka chini. Jirani anasema sina mkono wa kupanda. Nikubali yaishe?

MvuviMdogo, Ggaba

Unamwagilia jioni, mwezi wa tano, Entebbe?

BintiKambi

Ndiyo. Kuna kosa?

MvuviMdogo

Ngoja Mzee aje. Mimi navuta kigoda.

MzeeWaKitalu, Jinja

Pole kwa misiba, binti. Nauza miche huku Jinja tangu mwaka 2003, na habari kama yako naletewa na wateja karibu kila msimu wa mvua, hasa wale waliojenga karibu na maji. Wengi wanakuja na jani mfukoni wanataka dawa. Nawauliza kwanza wanamwagilia saa ngapi.

Tuanze na waridi. Hayo madoa meusi ni kuvu. Vumbi lake linarushwa na matone ya mvua kutoka majani yaliyoanguka chini, linatua kwenye jani zima, na ili liote na kuingia ndani linahitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi mfululizo. Sasa wewe unalowesha majani saa kumi na mbili jioni. Jua linakaribia kuzama, hewa imetulia, umande unashuka juu ya maji uliyomwaga. Kwa Entebbe jani hilo halikauki mpaka saa tatu asubuhi. Hizo ni saa kumi na tano. Hata ungeajiriwa kufuga kuvu usingefanya vizuri zaidi.

Kumwagilia ni asubuhi, na ni kwenye udongo. Majani yakilowa kwa bahati mbaya, jua linayakausha kabla ya saa nne. Na mwezi wa tano, kitu kilichoko ardhini hakihitaji maji yako kabisa. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, rudi ndani unywe chai.

Lavenda ni mtu wa nchi za kando ya Mediterania, amezoea mawe, mteremko na kiangazi kikavu. Umemchukua ukamweka kwenye udongo mweusi wa lori, tena kwa sisi tunaopata mvua misimu miwili kwa mwaka. Na rozimari ndugu yake vilevile. Watu wengi hawajui kwamba mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji, hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Mmea ambao mizizi imeoza unanyauka sawasawa na mmea wenye kiu, maana hauna tena cha kunywea. Mwenye nyumba akiuona umenyauka anaongeza maji. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa rozimari yako.

Halafu huo udongo wa lori. Fundi alipojenga alikwangua udongo wa juu, akashindilia maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, ili lori la mchanga lisikwame. Wewe umekuja kumwaga udongo mweusi juu ya maramu iliyoshindiliwa. Hilo ni beseni. Jaribu hivi: chimba shimo la kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze tena. Kesho asubuhi ukikuta maji bado yamo, usipande chochote hapo kabla ya kuinua tuta au kuchimba mfereji.

Bogenvilia nitarudi kwake, kuna mteja hapa.

Kalisoliso, Mukono

Mzee shikamoo. Nina swali la kichokozi. Kama waridi halipatani na hewa ya ziwa, mbona mashamba ya waridi yako hukuhuku, Mukono na njia ya Entebbe, na yanapakia ndege kwenda Ulaya?

MzeeWaKitalu

Marahaba. Swali zuri, na jibu liko juu ya vichwa vya hayo mawaridi. Umewahi kuyaona yakinyeshewa? Yako chini ya paa la plastiki tangu siku ya kupandwa mpaka siku ya kukatwa. Maji yanapita kwenye vimipira vyembamba, tone kwa tone, miguuni. Kila siku kuna mtu anapita mstari kwa mstari kukagua majani. Waridi lile ni mgonjwa wa wodi ya kulipia. Lako, binti, liko nje kwenye mvua na halina hata bima.

Ukilitaka kwa lazima, liweke kwenye chungu chini ya upenu, upande unaopata jua la asubuhi. Okota kila jani lililoanguka, usiliache chini hata usiku mmoja. Pogoa katikati ya kichaka ili upepo upite. Moja au mawili ya namna hiyo yanatosha mtu mwenye kazi nyingine.

AruaMjini

Mnazungumza kana kwamba Uganda nzima ni Entebbe! Sisi huku mvua inaanza mwezi wa nne, inaendelea mpaka wa kumi au kumi na moja, kisha inakata kabisa. Disemba mpaka mwanzo wa Machi ni vumbi na jua la kupasua midomo. Mwaka jana nilisoma kwenye uzi mmoja humu kwamba maji ndiyo yanayoua mimea. Nikaacha kumwagilia anturiamu zangu. Zilikauka hadi ungeweza kuwashia jiko.

MzeeWaKitalu

Umenipata, ndugu yangu, na msomaji yeyote ajue kwamba ninachosema ni cha watu wa ziwani: Entebbe, Kampala, Mukono, Jinja, visiwa vya Ssese. Kwenu anzeni na matandazo mazito, nyasi kavu au majani ya migomba, kina cha kiganja kizima, ila msiyagusishe na shina. Mchwa wakianza kula matandazo makavu, yaloweshe kidogo na uyasogeze mbali zaidi na shina. Nanyi mna kitu ambacho sisi hatukiwezi, lile waridi la jangwani lenye tumbo nene chini. Kwangu linaoza nisipoliweka barazani. Kwenu linachanua kama limelipwa.

Bundibugyo nako ni dunia nyingine. Kule chini ya Rwenzori ni bonde, joto na unyevu pamoja, ndiyo maana kakao inastawi. Helikonia niliyoiona kule ilikuwa na shina la unene wa mkono wangu.

BintiKambi

Nimejaribu shimo. Nilijaza saa moja jioni. Leo saa moja asubuhi maji yamo, na chura mmoja.

MvuviMdogo

Mpe jina huyo chura, atakaa.

MzeeWaKitalu

Basi huo ndio ugonjwa wa uwanja wako wote, hayo mengine ni dalili tu. Usinunue mmea wowote sasa hivi. Mvua hii ikipungua, mwezi wa saba, vunja ile maramu kwa sururu pale unapotaka kupanda, futi mbili kwenda chini, uchanganye na samadi iliyooza vizuri na majani makavu. Kisha inua tuta la futi moja. Kuna watu wanaongeza mchanga kwenye udongo wa mfinyanzi wakidhani utalegea. Mchanga kidogo kwenye mfinyanzi unakaribia kuwa tofali. Kinacholegeza ni samadi na mboji, na ni kazi ya miaka. Kwa sasa tuta linakuokoa.

Utapanda mwezi wa tisa mvua zikianza.

Sasa bogenvilia. Kwanza ujue kwamba ile rangi tunayoisifu si ua. Ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo katikati. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na huchanua vizuri ikionja ukame. Ikipata maji kila jioni na mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi, inaona maisha ni mazuri, inatoa majani. Kwa hiyo: usiipe maji hata siku moja ikiwa ardhini, usiipe mbolea, hakikisha inapata jua saa sita kwa siku au zaidi. Mvua zikikaribia kwisha ikate matawi marefu kwa theluthi moja. Inachanua kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo ukiikata katikati ya kiangazi ikiwa na vitumba umejinyima mwenyewe.

DadaLira

Mimi yangu niliinyima maji miezi miwili, nikaitukana pia. Ilichanua. Sijui ni kipi kilichofanya kazi.

MtuWaTanga

Naingilia kutoka jirani. Sisi pwani tuna joto na unyevu kuliko nyinyi, na bibi zetu hawakuwahi kuhangaika na lavenda. Harufu ipo ya kutosha: asumini, mrehani, mkadi, mlangilangi. Asumini unapanda dirishani, jioni nyumba nzima inanukia. Kwa nini mnakimbilia maua ya kwenye majarida?

MzeeWaKitalu

Umesema, bwana. Asumini inakubali huku bila shida, ipe tu kamba ya kupandia na uipunguze kila baada ya kuchanua. Mrehani pia, ila kwenye mvua kubwa uweke chini ya upenu. Tofauti yetu na ninyi ni usiku. Entebbe iko mita kama 1,180 juu ya bahari, usiku joto linashuka mpaka nyuzi 17 au 18. Mimea ya pwani inayopenda usiku wa moto inakua huku kwa kujivuta.

Binti, ushauri wangu wa kuchagua ni wa bure na uko karibu na kwako. Nenda kwenye ile Bustani ya Mimea ya Entebbe, ipo tangu mwaka 1898. Usiende kupiga picha za harusi. Nenda asubuhi baada ya mvua, na daftari. Angalia kitu gani kimenawiri bila mtu kukipulizia dawa, kisha andika kimesimama wapi: juani, kwenye kivuli cha mti, au kwenye maji. Mimea inayopenda hewa nzito ni ile ambayo kwao ni msituni. Helikonia, kana, tangawizi nyekundu, kodilaini, kangaga, kaladiamu, masikio ya tembo. Majani yao mengi yana nta au yameelekezwa chini, maji yanateleza.

Krotoni zako zimepauka kwa sababu ziko kivulini, nadhani nyuma ya nyumba. Krotoni inapata rangi kwa mwanga. Ihamishie inapopigwa na jua, majani mapya yatakuja na wekundu na manjano. Yale ya zamani hayatabadilika sana.

Haibiskasi haikuangushi, lakini kila wiki pindua jani uangalie chini. Ukiona pamba nyeupe kwenye vikonyo, hao ni wadudu wanaofyonza, na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, wanawachunga kama ng'ombe. Masizi meusi juu ya majani yanaota kwenye ule utamu wanaoudondosha. Maji ya sabuni ya mche, puliza asubuhi, rudia baada ya siku tano. Sisimizi wakikosa njia ya kupanda, nusu ya kazi imekwisha.

Iksora naipenda kuliko yote, ila ina kisirani kimoja. Ukiipanda kandokando ya ukuta uliopigwa plasta juzi, majani yanakuwa manjano huku mishipa imebaki kijani. Saruji iliyomwagika inauharibu udongo kwa chokaa, na iksora inataka udongo wenye uchachu. Isogeze hatua mbili mbali na ukuta.

Na mpaka wa kiwanja usihangaike na uzio wa kununua. Oluwaanyi (drasena) lipo. Baganda wamepandia mipaka tangu enzi za mababu, unakata fimbo, unachomeka, linaota. Mizizi yake haikuletei kesi na jirani. Ila helikonia uifungie: zika kipande cha bati kina cha futi moja na nusu kuizunguka, la sivyo mwaka wa tatu itakuwa inakutembelea sebuleni.

BintiKambi

Mzee, nimeandika yote. Swali la vyungu. Nina vyungu sita vikubwa vya udongo barazani. Yule aliyeniuzia aliniambia niweke kokoto chini, sehemu ya robo, ili maji yatoke vizuri. Sawa?

Kalisoliso

Sawa kabisa, kila mtu anafanya hivyo.

MwalimuMbale

Kila mtu anafanya, na si sawa. Nafundisha fizikia, niruhusuni dakika mbili. Chukueni sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishikeni imelala bapa juu ya sinki. Itadondosha maji kisha itaacha. Sasa isimamisheni wima. Itaanza kudondosha tena. Maji ni yaleyale na sponji ni ileile, lakini sponji iliyosimama ni ndefu, uzito wa maji unayavuta chini zaidi.

Udongo kwenye chungu ni sponji. Maji hayavuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanaganda juu yake kwanza. Ukijaza robo ya chungu kwa kokoto, umefupisha sponji, na sehemu iliyolowa sana umeipandisha karibu na mizizi. Kinachohitajika ni tundu wazi chini na udongo mwepesi kuanzia juu mpaka chini. Weka kigae kimoja kilichopinda juu ya tundu udongo usitoke, basi.

Kalisoliso

Mwalimu, nimefanya kokoto miaka kumi na mimea yangu ipo.

MwalimuMbale

Ipo licha ya kokoto, ndugu. Fanya ya sponji kwanza.

Kalisoliso

Nimefanya. Mke wangu ananiuliza kwa nini nimesimama jikoni na sponji nacheka peke yangu. Nimekubali.

MamaBombo

Mwanangu BintiKambi, hujasema kama una watoto. Mimi nina wajukuu wanne hapa Bombo na kila jani linapita mdomoni. Wauza miche hawasemi haya, wengine hata hawajui. Olianda, ile yenye maua ya pinki wanayopanda njiani, ni sumu kila sehemu yake, jani, ua, fimbo. Hata moshi wake ukiichoma ni mbaya. Ule mmea wa ofisini wenye majani mapana na madoa meupe katikati, mtoto akiutafuna ulimi unavimba mpaka anashindwa kusema. Na ule wa maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, usiuweke kabisa. Unavuruga akili.

Mimi mlangoni nimepanda mchaichai kufukuza mbu, na wa chai upo hapohapo.

BintiKambi

Asante sana mama. Nina mmoja wa miaka miwili. Ile ya madoa meupe ninayo sebuleni, leo inaondoka.

MwalimuMbale

Mama yangu, kwa heshima, mchaichai uliosimama tu haufukuzi mbu, harufu yake imefungwa ndani ya jani mpaka ulipasue. Wa chai ni sawa. Lakini ukiwa na visahani vya maji chini ya vyungu, hao mbu unawalea mwenyewe. Mwaga kila baada ya siku mbili tatu.

MamaBombo

Basi nitaendelea kuunywa, na mbu wataendelea kuja, tutazoeana. Visahani nimemwaga.

DadaLira

Konokono je? Miche yangu ya maua inaliwa usiku mmoja. Naweka majivu, mvua inayageuza uji.

MvuviMdogo

Kopo lililofukiwa usawa wa ardhi, weka masalia ya malwa (pombe ya ulezi) au bia iliyochacha. Wanafuata ule uchachu, wanaingia wenyewe, hawatoki. Ila uwe mwangalifu, niliweka moja nyuma ya nyumba, asubuhi nikamkuta shemeji anaichunguza.

Tochi na ndoo saa mbili usiku bado ndiyo dawa kubwa. Okota.

PepoYaZiwa, Kalangala

Nataka kuchimba kidimbwi cha mapambo. Lile gugu maji lenye maua ya zambarau ni zuri sana, nikichota ziwani linafaa?

MzeeWaKitalu

Usithubutu. Wewe ni mtoto, hukuona katikati ya miaka ya 1990. Hapa Jinja lilijaa mpaka mitumbwi haitoki, likasumbua hata bwawa la umeme. Nalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kwa sababu hiyohiyo uliyoisema, ua lake ni zuri. Ilibidi waletwe wadudu maalumu wa kulila. Weka yungiyungi.

BintiKambi
2 Juni

Kuna kijana amepita na boda anauza mmea kama mnazi mfupi, majani magumu yenye miiba, shina limekatwa halina mizizi. Anasema unatoka upande wa Mto Mpanga, magharibi, na ukiuweka mchangani utaota. Bei yake ni ya kuumiza. Ni mzuri kweli.

MzeeWaKitalu

Mwambie aendelee na safari. Kule kwenye korongo la maporomoko ya Mpanga kuna mmea wa jamii hiyo ambao hauoti kwingine kokote duniani kwa asili. Umo hatarini kutoweka, na jamii yake yote imewekwa kwenye mkataba wa kimataifa unaozuia biashara ya mimea ya porini. Unakua polepole mno, shina la urefu wa goti huenda ni la umri mkubwa kuliko wako. Ukiupenda, safiri ukauone ulipo.

BintiKambi
18 Septemba

Jamani, nimerudi. Mwezi wa saba nilitafuta vijana wawili wenye sururu. Maramu ile ilikuwa ngumu hadi cheche zinatoka. Nimeinua matuta matatu, nimechimba mfereji mmoja kuelekea chini ya kiwanja. Samadi nimepata kwa jirani mwenye ng'ombe, yule yule wa mkono wa kupanda, nimeilaza miezi miwili chini ya majani ya migomba. Wiki iliyopita nimepanda helikonia (nimezika bati), iksora tatu mbali na ukuta, kana, asumini dirishani. Krotoni zimehamia mbele. Waridi ni moja tu, chunguni, chini ya upenu. Mpira nimeufunga stoo.

Chura amehama.

MvuviMdogo

Innalillahi. Tulimzoea.

MzeeWaKitalu

Vizuri. Sasa kazi ngumu kuliko sururu: usifanye chochote mpaka Disemba.

BintiKambi
11 Januari

Heri ya mwaka mpya wadau. Nimeweka picha tatu.

Ya kwanza ni bogenvilia. Niliikata mwezi wa kumi na moja mvua zilipokuwa zinaisha, sijaipa tone la maji. Geti halionekani. Watu wa boda wanaelekezana kwa kusema pale kwenye nyumba ya pinki, na nyumba yangu ni nyeupe.

Ya pili ni iksora. Mbili nzima, moja imekufa, sijui sababu, nimeikubali. Waridi limepata madoa machache tu kwenye majani ya chini, nimeyaokota.

Ya tatu ni mama. Alikuja Krismasi. Nilimuuliza siri ya makopo yake, nikitegemea ataniambia maji ya mchele. Akacheka. Akasema baba alikuwa anayatoboa chini kwa msumari kabla hajayapanda, matundu manane manane, kwa sababu la kwanza kabisa lilijaa maji likaoza. Na yalikaa barazani chini ya bati kwa vile afisa wa kambi hakutaka vitu vimezagaa uwanjani. Na maji ya mchele aliyapa asubuhi kwa kuwa mchele ulioshwa asubuhi, wa chakula cha mchana.

MwalimuMbale

Matundu manane! Mzee wako alistahili kufundisha.

MzeeWaKitalu

Mpe mama salamu zangu. Na hiyo iksora iliyokufa, ing'oe uangalie mizizi kabla hujapanda nyingine palepale. Ikiwa kahawia na laini, maji bado yanatuama sehemu hiyo.

BintiKambi

Nimeng'oa. Kahawia na laini. Ni pale mfereji unapopinda, nitaunyoosha mwezi wa pili kabla ya mvua.

Mama anawasalimu wote. Amezunguka bustani yote na kikombe cha chai, hakusema neno, akafika chini ya mwembe akaniuliza ni nani aliyepanda nyasi pasipo na jua. Bado sijamjibu.